Mkono wa Kushoto wa Mzee Sitati

"Huyu hapa mzee wako," alisema Daktari Sue Njoki, akaigeuza kompyuta.

Inspekta Jepleting aliinama kutazama. Hakuona mzee. Aliona mistari inayopanda na kushuka, mingine ya kijani, mingine myekundu. Nje ya dirisha wanafunzi wa chuo walikuwa wakienda kunywa chai ya saa kumi, wakicheka kana kwamba Njoro nzima ni yao. Jepleting aliwaonea wivu kidogo. Yeye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Tangu alfajiri hiyo alikuwa akimtafuta Mzee Sitati, mkata mbao mstaafu wa Elburgon ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumhama. Mkewe, Mama Nabalayo, alikuwa ameripoti kwamba aliamka akakuta kitanda kitupu. Polisi na majirani walikuwa wakipekua barabara ya kwenda Molo, wakiamini kwamba mzee aliyetoka alfajiri hangekuwa amefika mbali. Mvua ilikuwa imeshinda ikitishia kutoka upande wa msitu wa Mau, na baridi ya Elburgon haina adabu kwa wazee. Akikosekana hadi giza liingie, kesho wangemrudisha akiwa amefunikwa blanketi hadi usoni. Jepleting alilijua hilo, na ndilo lililomnyima hamu ya chai.

Halafu kulikuwa na bangili. Mzee Sitati alikuwa katika utafiti wa Daktari Sue, na wagonjwa wote wa utafiti huo huvaa bangili ya mpira, ya kijivu, isiyo na kioo wala saa. Asubuhi hiyo bangili ya mzee ilikutwa kwenye mfuko wa ovaroli ya Kipkoech, mfanyakazi anayetunza ng'ombe wa nyumba hiyo. Kipkoech hakutaka kueleza. Sasa alikuwa amefungiwa kituoni Elburgon, na binti wa mzee, Mercyline, alikuwa ameshapiga simu kutoka njiani akitaka kujua ni lini atashtakiwa.

"Haiwezi kuniambia mzee yuko wapi?" aliuliza Jepleting.

"Haipimi mahali. Inapima mwendo wa mkono na joto la ngozi, basi. Inatuma kwa simu tuliyoacha pale sebuleni kwao." Sue alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekesha. "Madam, mgonjwa wa aina hii hawezi kukuambia amelala vipi, ama ni nini kinamsumbua. Ukiuliza familia, wanasahau, ama wanaona haya. Bangili haioni haya."

"Nisomee, basi."

Sue aliweka kidole kwenye kioo. "Alianza vibaya. Unaona hizi jioni? Nyekundu tupu. Jua likianza kushuka anahangaika, anataka kutoka, anazunguka. Wengi wako hivyo. Halafu mwezi uliopita akatulia."

"Ghafla?"

"Kama mtu amezima taa. Tulikuwa tumembadilishia dawa, nikajua ni dawa. Nikaandika kwa ripoti, nikafurahi." Aliteremsha kidole. "Lakini alipotulia, dalili zingine zikakuja. Hapa, kila asubuhi na kila jioni, mkono unarudia kitu kimoja. Haraka haraka, kwa nguvu, halafu unaacha. Wengine husugua meza, wengine hukunja nguo ambazo hazipo. Mchana hakuna kitu kabisa. Anakaa tu, masaa, hasogei. Mtu akikaa hivyo ni kama ameshachoka na dunia. Na usiku anaamka kila saa. Anatembea kidogo, anasimama, anarudi. Nilimpigia Mercyline nikamwambia baba yako hahangaiki tena, lakini ni kama ameanza kuzama."

"Na jana?"

"Jana jioni mkono ulikuwa kwa ile kazi yake ya kurudia. Halafu hapa." Mstari ulikuwa umeruka juu mara moja, ukaanguka. "Kama kuanguka ama kugongwa. Halafu akalala. Usingizi mzuri kushinda yote tangu tuanze."

Jepleting aliutazama usingizi huo. Ulikuwa mstari mmoja, ulionyooka hadi asubuhi.

"Hakugeuka hata mara moja?"

Sue alisogea karibu na kioo. Akabonyeza mahali, mstari mwingine ukatokea chini ya ule wa kwanza. Aliutazama kwa muda mrefu, na Jepleting akaona masikio yake yakibadilika rangi.

"Joto," alisema Sue polepole. "Ilipoa papo hapo. Hii bangili haikuwa kwa mkono wa mtu, Inspekta. Ilikuwa imelala peke yake mahali baridi. Mimi hupata muhtasari asubuhi, umeandikwa 'amelala vizuri'. Sikuangalia joto."

"Mkewe anasema alikuwa nayo kitandani."

"Basi hiyo si kweli."

Uongo huo haukuwa mdogo. Kama bangili ilitoka jioni, huenda na mzee alitoka jioni, na watu wote waliokuwa wakipiga kelele kwenye barabara ya Molo walikuwa wakimtafuta mtu kwa saa zisizo zake.

"Una picha yake?"

Sue alikuwa nayo, iliyopigwa siku aliyovishwa bangili. Mzee mnene kiasi, koti la buluu, kofia ya sufi, akitabasamu kwa adabu kama mgeni. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya meza. Kidole gumba kilikuwepo na kidole kidogo kilikuwepo. Katikati hapakuwa na kitu.

"Msumeno," alisema Sue. "Ajali ya kazini, zamani. Ndiyo maana tulimfunga kushoto. Huwa tunafunga mkono unaofanya kazi kidogo."

Jepleting aliitazama picha, akautazama mstari, akairudia picha. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto hewani, akaufumba na kuufumbua, akavuta chini, akafumba tena, harakaharaka.

"Kurudiarudia kwenyewe ni kama hivi?"

"Ndiyo. Karibu hivyo kabisa."

"Kwa vidole gani, Daktari?"

Sue aliutazama tena ule mkono wa kwenye picha. Jepleting alikuwa amekulia Londiani, kwenye nyumba iliyoamshwa na ng'ombe. Alikuwa amefanya mwendo huo kila asubuhi kabla ya shule, na hakuhitaji kompyuta kuutambua. Alichohitaji kujua sasa ni nani aliyekuwa akikamua akiwa na bangili ya Mzee Sitati mkononi.

*

Kipkoech alikuwa ameketi sakafuni akiwa amekumbatia magoti. Alipomwona Jepleting alisimama, akamsalimia kwa Kikalenjin, kwa heshima ya kumsalimia dada mkubwa. Jepleting alimjibu kwa Kiswahili. Hapo kituoni hakupenda mtu adhani kuna mlango wa nyuma.

"Bangili uliitoa wapi?"

"Niliokota."

"Wapi?"

"Chini."

"Chini ya mti, chini ya kitanda, chini ya nini?"

Kipkoech alitazama ukuta.

"Ng'ombe wenu anaitwa nani?" aliuliza Jepleting.

Swali hilo lilimshangaza. "Mrembo."

"Nani humkamua?"

"Mama."

"Na wewe je? Si wewe ndiye wa ng'ombe?"

"Mimi ni nyasi, maji, dawa. Mrembo hakubali mkono mwingine. Nikimgusa anarusha teke."

"Jana jioni alirusha teke?"

"Sikuwepo." Alilijibu hilo haraka mno, kisha akaonekana kama anayetamani kulimeza.

"Ulikuwa wapi?"

"Mama alinituma Molo, dawa ya kupe. Nikarudi kumeshakuwa giza. Hiyo kitu niliikuta leo asubuhi kwa boma, kando ya kigoda cha kukamulia, imekanyagwa kwa matope. Nikaweka kwa mfuko nimrudishie."

"Umrudishie nani?"

Kipkoech alirudi kuketi sakafuni.

"Kipkoech, mzee atakufa akiwa nje, na wewe utakuwa umekaa hapa na siri yako. Ulimwahidi mama usiseme nini?"

Mwanamume huyo, mwenye mikono mikubwa ya kubeba magunia, alianza kulia bila sauti. "Madam, mimi sikumgusa mzee. Kila jioni mimi ndiye huenda na yeye. Kama singetumwa Molo, hangepotea. Muulize mama. Na usimwambie ni mimi nimesema."

Jepleting alipotoka nje alimkuta Konstebo Obura akimngoja kando ya gari, simu mkononi na uso umerefuka.

"Madam, yule mzee wa koti la buluu aliyeonekana stejini akipanda lori asubuhi, tumempata Molo."

"Na?"

"Ni mchuuzi wa viazi. Ana miaka yake hamsini hivi, na amekasirika sana kuitwa mzee."

Jepleting aliingia garini. Obura alikuwa ameupoteza nusu ya mchana kwa mchuuzi wa viazi, naye hakuwa na moyo wa kumgombeza. Waliotumwa mahali pasipofaa walikuwa wengi siku hiyo.

*

Nyumba ya Mzee Sitati ilikuwa ya mbao, nadhifu, iliyojengwa na mtu aliyezijua mbao. Uani Mercyline alikuwa akitembea huku na huku na viatu vyake vya Nairobi, matope yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyezoea kungoja.

"Inspekta, huyo Kipkoech amesema?"

"Amesema kiasi. Mama yuko wapi?"

"Anakamua. Baba amepotea na yeye anakamua. Nimemwambia aache, hanisikii."

"Ng'ombe hajui kwamba mtu amepotea," alisema Jepleting. "Njoo, lakini usimame mlangoni na uninyamazie kidogo."

Bomani kulikuwa na giza la jioni ya mapema na harufu ya samadi na maziwa moto. Mama Nabalayo alikuwa kwenye kigoda, leso imefungwa kiunoni, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi yake yenyewe: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kufumba na kuvuta. Maziwa yalikuwa yakilia ndooni. Jepleting alisimama akautazama mkono wa kushoto. Kwenye kifundo, ngozi ilikuwa na mstari mwembamba uliopauka, sawasawa na upana wa bangili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mrembo alikupiga teke jana?"

Mkono wa kushoto ulisimama. Wa kulia uliendelea mara moja, mbili, ukasimama nao.

"Hakunipiga mimi," alisema mama. "Aligonga ndoo, ndoo ikanigonga mkono. Nilikuwa nimeruka kusimama, yeye akashtuka."

"Uliruka kwa nini?"

"Nilisikia geti."

Mlangoni Mercyline alivuta pumzi ya kutaka kusema. Jepleting alimwinulia kiganja bila kumtazama.

"Mama, mimi sikuja kukufunga. Bangili ilikuwa kwako. Imekuwa kwako mwezi mzima. Sasa niambie mzee alitoka saa ngapi kwa ukweli, na huwa anaenda wapi na Kipkoech kila jioni. Jua linashuka."

Nabalayo alipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na alipoanza kusema alisema na ubavu wa ng'ombe, kwa sababu ulikuwa karibu.

"Jua likianguka, yeye anajua ni saa ya zamu. Zamu ya usiku. Alifanya hiyo zamu kwa kiwanda cha mbao miaka mingi sana. Anachukua kopo lake la chakula, anavaa koti, ananiambia asante mama kwa chai, mimi sasa nimechelewa kazini. Ukimzuia, anapiga kelele, anasukuma, analia. Daktari akaona hiyo yote kwa mashine. Mercyline akasema nyekundu ikiendelea, baba anapelekwa kwa nyumba ya wazee, Nairobi."

"Mama, nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unaumia," alisema Mercyline.

"Ulisema kwa uzuri. Sikatai." Bado hakugeuka. "Lakini nikajiuliza, akienda, mimi nitabaki na nani? Na huyu Mrembo? Nikaona dawa yake si kumzuia. Nikamwambia Kipkoech, usimzuie, mpeleke. Wanaenda mpaka geti ya kiwanda. Kuna mlinzi pale, Maxwel, mtu mzuri. Anamwambia, mzee, leo stima imepotea, hakuna kazi, nenda nyumbani uje kesho. Basi anaridhika. Anarudi, anakula, analala kama mtoto. Hakuna kelele tena. Lakini mashine ingeona anatembea jioni. Kwa hivyo nikaivaa mimi. Daktari akitaka kuja hupiga simu kwanza, namvisha mzee."

Uongo wa Mama Nabalayo ulikuwa mdogo na wa mapenzi, na ulikuwa karibu kumuua mtu. Jepleting hakumwambia hivyo. Mama mwenyewe alilijua. Lilikuwa limemkaa mgongoni.

"Jana Kipkoech hakuwepo," alisema Jepleting.

"Nilidhani atarudi mapema. Niliposikia geti nikakimbia, lakini mimi na haya magoti, mpaka nifike kiwandani giza limeingia. Kuna mnyororo. Hakuna mtu. Nikaita, nikaita. Nikajua ameenda kwingine. Nikazunguka mpaka nikachoka. Kuripoti nikaogopa, kwa sababu mngeniuliza mbona mashine inasema amelala. Asubuhi nikasema alfajiri. Mungu anisamehe."

"Maxwel alikuwa wapi?"

"Baadaye nilisikia wamemwondoa. Magogo hayajafika tangu barabara ya msituni iharibike. Kiwanda kimelala wiki hii."

Nje Obura alikuwa amewasha gari ili joto liingie. Jepleting aliiweka picha pamoja kichwani: mzee mwenye kopo la chakula, amefika kazini kwa wakati, kama kila jioni. Geti limefungwa, lakini kwa mtu wa kiwanda geti ni la magari tu.

"Mama, kila siku anarudi kwa sababu kuna mtu anamwambia hakuna kazi," alisema. "Jana hakuna aliyemwambia."

Kwa mara ya kwanza Nabalayo aligeuka.

"Basi aliingia kazini," alisema Jepleting. "Na hatatoka mpaka zamu iishe. Twende."

Mercyline alikuwa bado mlangoni, amewaziba. Simu yake ilikuwa mkononi, na kwenye kioo ilikuwapo ile mistari ya Daktari Sue, aliyotumiwa mwisho wa mwezi.

"Daktari aliniambia baba anakaa masaa bila kusogea," alisema kwa sauti ndogo. "Anaamka usiku kila saa. Aliniambia ni kama amechoka na dunia. Nikasema ni ugonjwa, ndivyo unavyoenda."

"Hiyo chati si ya baba yako," alisema Jepleting.

Mercyline alimtazama mama yake.

"Usiku naamka kusikiliza kama anapumua," alisema Nabalayo, kama anayeomba radhi. "Mchana yeye akilala, mimi nakaa. Nifanye nini? Akiwa macho ananiita mama mwenye nyumba. Hakuna mtu wa kuongea naye. Nakaa tu."

Akachukua ndoo, akaifunika vizuri ili paka asifike, akawafuata garini.

*

Kiwanda kilikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya mikaratusi. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Geti lilikuwa na mnyororo kama mama alivyosema, na kibanda cha mlinzi kilikuwa kitupu, kikombe kimeachwa dirishani. Obura alitaka kukata mnyororo. Jepleting alimwambia angoje.

"Mama, wafanyakazi wa usiku walikuwa wanaingilia hapa?"

"Hapana. Hapa ni lori. Wao walipita nyuma, pale vumbi la mbao linapomwagwa. Ndiyo njia ya mkato kutoka kwa nyumba."

"Jana ulienda nyuma?"

"Nilienda mpaka pembeni. Niliita kutoka pale. Hakujibu."

"Mtu akiwa zamu, mke wake akimwita, anatoka?"

Nabalayo alifikiri. "Nyapara angemfukuza kazi," alisema.

Walizunguka ukuta. Nyuma, mabati yalikuwa yameachwa wazi chini ya bomba la kutemea vumbi, na lundo la vumbi la mbao lilikuwa limepanda kama kilima, jekundu kwa mvua upande wa juu. Jepleting aliona vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza kilikuwa kopo la chakula juu ya kigogo, limefungwa, limepanguswa, mpini umegeuzwa upande wa mwenyewe. Cha pili kilikuwa mvuke. Katika baridi ile, lundo lilikuwa likitoa moshi mwembamba ubavuni.

"Linaungua?" aliuliza Obura.

"Haliungui," alisema Nabalayo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Vumbi likikaa ndani linapata joto lenyewe. Zamu ya usiku, mashine zikisimama, walikuwa wanachimba shimo wanaingia mpaka kifuani. Alikuwa akirudi asubuhi na vumbi masikioni. Nilikuwa nikimgombeza, anajaza kitanda."

Aliinua leso akaanza kupanda lundo kwa mikono na magoti. Jepleting alimpita. Upande wa pili, chini ya ukingo wa bati usiopitisha mvua, kulikuwa na kofia ya sufi, na chini ya kofia kulikuwa na uso. Macho yalikuwa yamefumba. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Jepleting alipiga goti, akaweka vidole shingoni mwa mzee, na shingo ilikuwa na joto. Furaha ilimpiga kwa nguvu hata akalazimika kutazama pembeni kidogo.

Mzee Sitati alifumbua macho.

"Mzee, tumekuja kukutoa," alisema Obura, akimshika kwapa.

"Niache, kijana," alisema mzee kwa sauti kavu. "Zamu haijaisha."

"Imeisha, mzee. Twende."

"Wewe ni nani wa kuniambia?" Akaishika mbao iliyokuwa karibu kwa mkono wake wa vidole viwili, na mkono huo haukutaka kuachia. Obura alivuta. Mzee alianza kulia kwa hasira na kusukuma, kifua kikitoa mlio ambao Jepleting hakuupenda. Hivi ndivyo zilivyokuwa zile jioni nyekundu. Kwenye kompyuta hazikuwa na sauti.

"Mwache, Obura."

Jepleting alisimama. Alikung'uta vumbi, akaivuta kofia yake ya polisi ikakaa sawa, akaitoa ile sauti aliyoitumia gwarideni.

"Sitati."

Mzee alinyamaza.

"Mimi ndiye nyapara wa leo. Umefanya kazi vizuri. Zamu imeisha. Chukua kopo lako uende nyumbani."

Mzee alimtazama, akaitazama kofia, akaachia mbao. Alitoka polepole, akiomba msaada wa mikono kama mtu anayeshuka kwenye lori, huku vumbi likimwagika kutoka mifukoni. Obura alimvisha jaketi lake. Mercyline alikuwa amefika juu ya lundo, viatu vimebaki mahali huko chini, naye alikuwa akisema, "Baba, Baba," lakini mzee alimpa tabasamu la adabu tu, lile la kwenye picha.

Nabalayo alikuwa ameshamfikia. Alikuwa akimtoa vumbi masikioni kwa ncha ya leso, sikio moja, halafu la pili, bila haraka, kama kazi aliyoifanya jana na juzi. Mzee alimwacha. Alimtazama kwa makini huyu mwanamke mdogo aliyelowa, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, akamwonea huruma.

"Na wewe, mama," alimwuliza, "zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Bado," alisema Nabalayo. Akalihamia vumbi la shingoni.

Mzee alimgeukia Jepleting. "Nyapara, huyu amechoka. Si umwambie naye aende?"

Jepleting alikuwa bado amenyooka chini ya kofia yake. Ile sauti ya gwaride haikumjia. Mercyline alishuka miguu mitupu, akachukua kopo la chakula kwenye kigogo, akasimama nalo kwenye mvua akiwa ameshika mpini kwa mikono miwili. Chini kule nyumbani, Mrembo alikuwa ameanza kulia, amekamuliwa nusu.